Rekoda Iliyochipusha Chai

Rekoda ya kwaya yetu niliichagua mimi, na kwa mambo ya sauti, kutoka Litein hadi Sotik sina mpinzani.

Mwaka huo wa 1996 kwaya ilitakiwa kupeleka kaseti kwa mashindano Kericho. Dukani kwa Okeyo kulikuwa na rekoda mbili. Moja ilikuwa kubwa, taa zinaruka kama disko, inakula betri nane. Nyingine ilikuwa ndogo, betri nne, na kitufe cha kuzungusha ili uongeze au upunguze sauti mwenyewe. Bochaberi, anayechuma chai ya watu na kuimba nyuma kabisa karibu na mlango, aliziimbia zote mbili. Ile kubwa ikarudisha mlio wa mahindi yakikaangwa. Ndogo ikamrudisha Bochaberi mwenyewe, na majani chai yaliyobaki ndani ya kikombe cha Okeyo yakachipua. Okeyo akayatoa na kijiko, akaendelea kunywa.

"Chukueni hii," akasema.

"Mimi nataka tu jina langu kwa karatasi ya kaseti," Bochaberi alisema. "Mama aione kule Nyamira."

Tulirekodi kwenye banda la kupimia majani chai, tukingoja lori. Tulipocheza kaseti, shamba la kando, lililochumwa asubuhi, likatoa tena majani mawili na kichipukizi kila mahali. Watu wakabeba vikapu, wakarudi kuchuma wakicheka. Ilipofika ubeti wa Nelvine, binti wa mwenyekiti wa kwaya, mwenye shamba hilo, chai ikaacha kuchipua.

"Nelvine, maliza haraka, mama," mmoja akaita. "Lori linakuja!"

Nelvine alicheka kuliko wote. Yeye pia alikuwa na kikapu.

Karani wa mizani alijaza lori, akauliza kama kaseti ina upande wa pili.

Kamati ya kwaya ikakaa. Jina la mbele ya kaseti ni la mwenye shamba, wakasema, ndivyo imekuwa siku zote. Kaseti ikaenda Kericho na jina la Nelvine. Bochaberi akarudi mlangoni. Siku za kuchuma, rekoda inazunguka boma hadi boma na nakala ya sauti yake.

"Umesema nani alichagua?" Chemutai, aliyekuwa dukani siku ile, ananiuliza sasa hivi. "Si wewe ulikuwa umeshakumbatia ile ya disko?"

Namwambia aniache nimalize.

"Maliza. Waambie pia karatasi ya kaseti iliandikwa na nani, na mwandiko mzuri hivyo."