Jani la Isale Mlimani

Je, mjukuu wangu, umewahi kukanyaga chini ukasikia panaguna? Basi sikia ya Aikande. Ameketi jikoni mchana anachambua maharage, kichwa kinamwinamia, na ule mlango wa nyuma wa kwendea migombani unafungukia kwenye theluji. Anatoka na kandambili zake. Njia inapanda, inajikunja, inarudi pale pale, na kila inaporudi kuna mji wa barafu, kuta zake vioo, na ndani ya kila kioo yumo yeye mwenyewe, amempa mumewe mgongo. Maana Ndesario, mumewe, mpagazi wa wageni, alikuwa ameapa hatapanda tena kilele cha Kibo, akavunja kiapo. Asubuhi ya kuondoka akamletea jani la isale, na kwetu Uchaggani aliyeletewa isale hakatai kusamehe, hata kosa liwe kubwa namna gani. Aikande akalichomeka darini kwenye moshi, asiseme neno. Ndesario akaondoka na kimya hicho. Siku ya tatu theluji ikaporomoka, ikamfunika, na huu mwaka wa tatu hajapatikana.

Njiani amesimama kiongozi asiye na uso, kofia ya sufu tu na shingo. Mume wangu yuko wapi, anamuuliza. Yuko chini ya unachokikanyaga na nyuma ya usichokisema. Niambie wazi, baba, mimi niliishia darasa la nne. Kiongozi anacheka bila mdomo. Unapanda Kibo na kandambili, mama, halafu mimi ndiye wa kulaumiwa.

Anamwona mumewe sasa. Yuko ng'ambo ya mteremko mweupe, mzigo kichwani, anangoja. Kati yao theluji ya jana imelala juu ya barafu ya zamani, na Aikande anakumbuka mumewe alivyokuwa akimsimulia wakila mtori: theluji mpya juu ya barafu ni kama malai juu ya maziwa, haijashikana na kitu, ukisikia imeguna chini ya mguu, ndani mna uwazi, rudi ulikotoka. Anapiga hatua. Inaguna. Ufa unakimbia mbele yake, mwembamba kama uzi. Rudi, Mama Haikaeli, anasema Ndesario. Nirudi wapi, na miaka mitatu nyumbani nipo na sipo. Anafungua kinywa aseme lile neno, kinywa kinajaa theluji, na mteremko wote unaondoka taratibu, kama shuka linalovutwa kitandani, na mtu na mzigo wake.

Yuko jikoni. Ungo wa maharage uko mapajani. Kandambili zimelowa, na lile jani lililokauka darini limo kiganjani mwake, bichi, linadondosha maji ya baridi. Hajui kama ameamka, au hili nalo ni jiko la ndani ya kioo. Anakanyaga sakafu kwa kisigino. Inaguna. Hata hivyo anakigeukia kigoda kitupu ng'ambo ya mafiga, na anasema, Nimelipokea, Baba Haikaeli. Nililipokea asubuhi ile ile.