Sanda ya Thomasine

Ambrose Luscombe hakulia mkewe Thomasine alipokata roho. Asubuhi yake watu walimiminika kumpa pole, naye akawashukuru mmoja mmoja, moyo umemfa ganzi. Mji mzima ulimjua: mfanyabiashara wa sufu, meya mara mbili, mbunge, tena ndiye aliyewajengea wajane nyumba sita kando ya kanisa.

Ndiye pia aliyesimama Bungeni kuitetea sheria kwamba kila maiti wa Uingereza azikwe kwa sanda ya sufu, wafumaji wasikose kazi. Kusema kweli, ilikuwa njia ya kuwauzia kitambaa watu wasioweza kubishana bei. Aliporudi kutoka London walimpigia kengele za kanisa kwa shangwe. Thomasine, ambaye sufu ilimwasha tangu utotoni, alicheka kidogo akaenda zake jikoni. Juzi, akiwa taabani, alimwomba mumewe azikwe kwa kitani, na Ambrose akamwahidi. Matajiri wengine walilipa faini wakazikana watakavyo, lakini wao hawakuitetea sheria hiyo mbele ya watu.

Wilmot, mmoja wa wale wajane, aliyekuja kuosha maiti, alimkuta Ambrose dirishani.

"Bwana, tumemaliza. Tumvishe nini?"

"Wafumaji wako nje?"

"Wamejaa tele. Na unawajua, midomo yao haina kufuli."

"Nikilipa faini watasemaje?"

"Watasema sheria ya Luscombe ni ya maiti wa kina sisi." Hakulisema kwa hasira. "Ila njia ipo. Kitani ndani, sufu juu. Kwa hakimu nitaapa mimi kwamba amezikwa kwa sufu tupu. Umenipa pa kulala, nishindwe kukusemea uongo mmoja?"

"Hapana. Usijitie dhambini kwa ajili yangu."

Alijitafutia machozi, hata aibu, asipate kitu.

"Mvisheni sufu," akasema.

Wilmot akafunua kikapu chake. Sanda ilikuwa tayari, ya sufu nyepesi, imeshonwa pindo zote.

"Nani kashona?"

"Mwenyewe. Mwaka ule ule uliporudi kutoka London. Akanipa nimtunzie."

"Lakini juzi kaniomba kitani."

"Alitaka tu kusikia kama utakubali, bwana. Alifurahi mno ulipokubali. Halafu akaniambia nisisahau kuja na hii."

Ambrose akaipokea. Vidole vikaisugua vyenyewe, kama afanyavyo sokoni.

"Ni sufu nzuri," akasema, akamrudishia.