Wiki ya Chumba cha Uani

Jumatatu asubuhi Bibi alikaa barazani kwenye kiti kifupi, mjukuu wake akiwa chini katikati ya magoti yake, akaanza kufumua nywele alizomsuka Jumamosi. Mistari ilikuwa imeshaachia. Chini ya kila msuko nywele mpya zilikuwa zimeota, kama za mtu aliyekaa mwezi mzima bila kushika kitana.

"Umeingia mara ngapi?" Bibi aliuliza.

"Tatu."

"Tangu juzi?"

"Jana, bibi. Juzi nilipumzika."

Bibi alichovya vidole kwenye mafuta, akaendelea kufumua. Hakumgombeza. Ukimgombeza mtu aliyechoka unamwongezea mzigo juu ya mzigo, na huyu alikuwa na wa kwake wa kutosha.

Nyumba ilitazamana na ukuta wa chuo, na Bibi alikuwa amepangisha wanafunzi tangu mumewe alipofariki. Miaka yote hiyo chuo kilikwenda kwa mihula miwili. Muhula ulikuwa mrefu. Mwanafunzi aliweza kuugua na kupona, akagombana na rafiki na wakapatana, na bado akawahi kusoma. Kabla ya mitihani palikuwa na wiki nzima ya kudurusu. Hakuna aliyefundisha wala aliyefundishwa, na kila mara katika wiki hiyo manyunyu yalishuka taratibu bila upepo, hata watu wa mtaa wakayaita mvua ya kudurusu.

Kisha wakubwa wa chuo walikaa, wakaugawa mwaka robo nne. Walieleza kwa upole. Mwanafunzi atasoma masomo machache kwa wakati mmoja, walisema, kwa hiyo mzigo utapungua. Masomo yalipungua kweli, kwa moja, yakabaki manne. Lakini sura za vitabu zilibaki zilezile, na jaribio la kwanza likawa linafika kabla wanafunzi hawajayajua vizuri majina ya walimu wao. Wiki ya kudurusu ilifutwa.

"Wamekupa sahani ndogo," alisema mpangaji wa chumba cha mbele, "chakula ni kilekile, na wamekusimamia mlangoni wanataka sahani yao."

Mpangaji huyo aliitwa Profesa. Hakuwa profesa. Alikuwa amerudia somo moja mara nyingi mno, hata akawa anacheka kabla mwalimu hajamaliza mzaha. Wenzake walimtania kwa jina hilo na yeye aliitika, kwa kuwa kukataa nako kunataka nguvu.

Mjukuu alipatwa na homa katika robo ya kwanza. Ilikuwa homa ya kawaida, ya kulala siku chache na kuamka na njaa. Katika muhula wa zamani hakuna ambaye angeikumbuka. Aliporudi darasani, mwalimu wa takwimu alikuwa ameshavuka sura mbili na jaribio limeshafanywa. Alikimbizana na somo hilo mpaka mwisho, asilifikie, akaanguka. Chuo kilimwambia arudie. Akianguka tena, afungashe vitu vyake.

Mama yake alikuwa akifanya kazi mji mwingine, na kila alipopiga simu aliuliza swali moja: "Mwanangu anasoma?" Bibi alijibu kuwa anasoma. Huo haukuwa uongo.

Wiki ya kudurusu ilipofutwa kwenye kalenda haikwenda mbali. Bibi aliikuta kwenye chumba cha uani siku alipokwenda kupiga pasi. Aliufunga mlango kwa sababu ya vumbi, akawasha pasi, na alipotazama dirishani aliona manyunyu. Akapiga pasi nguo zote, akashona pazia, akalala, akaamka, akalala tena na kuamka mara nyingi. Alipotoka, uwanja ulikuwa mkavu, na kwenye redio ya jirani msomaji wa habari hakuwa amemaliza sentensi aliyokuwa akiisoma wakati Bibi anafunga mlango. Kucha zake tu ndizo zilizorefuka. Akazikata, akamwita mjukuu.

"Wiki yenu ile iko humu," alisema. "Ukiingia, beba chakula."

Basi yeye na wapangaji wakawa wanaingia. Anayeingia na kufunga mlango anapata wiki nzima, na akitoka anakuta dakika ni ileile. Ila mwili haudanganyiki. Nywele zinaota, viatu vinalika, unga unakwisha, na mtu anatoka akiwa mkubwa kwa wiki moja kuliko alivyoingia. Profesa alianza kunyoa ndevu asubuhi, mchana na jioni. Hawakulitangaza jambo hilo, lakini hawakumficha mwenzao aliyekwama. Msichana mmoja wa uhandisi aliacha kila mara kibiriti na mshumaa kwa ajili ya atakayefuata. Profesa aliitengeneza meza iliyokuwa ikiyumba, kisha akakaa upande uleule uliokuwa mbaya, ili wengine wasiuogope. Na kila anayetoka alifagia kwanza, akaiacha wiki ikiwa safi.

Bibi mwenyewe hakupenda kuingia. "Wiki zangu mimi zimebaki chache," alisema. "Sizitumii ovyo."

Lakini mtihani wa takwimu ulipokaribia, mjukuu alifika uani akiwa amebeba vitabu, akasimama mbele ya mlango bila kuufungua. Alikuwa amesahau mlango unafunguliwa kwa kusukuma au kwa kuvuta. Bibi aliuona mkono wake ukining'inia. Akaviondoa vitabu kwenye mkono wake wa pili, akaviweka juu ya ukingo wa kisima, akachukua sufuria na mto, akaingia naye.

Humo ndani mjukuu alilala. Siku zote za wiki ile alilala, akiamka kula tu na kugeuka upande wa pili. Bibi alikaa kando yake akisikiliza manyunyu, akamfunika kila shuka ilipoanguka. Hakuna kilichosomwa. Walipotoka, vitabu vilikuwa vikavu pale kisimani, na mjukuu aliviokota huku akilia kidogo.

"Nimekupotezea wiki yako, bibi."

"Hukuipoteza. Nilikuwa nakutazama. Zamani nilikutazama hivyohivyo, ukiwa mdogo, na hakuna aliyeniambia nimepoteza kitu."

Kesho yake, saa ya kutoka kazini, mwalimu wa takwimu alibisha hodi. Alikuwa mtu mwembamba, tai yake ameitia mfukoni, na kifuani amekumbatia rundo la karatasi za majibu ya jaribio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Nimesikia unawakimbiza watoto."

"Na mimi nakimbizwa," alisema mwalimu. Alitazama chini. "Wanasema una chumba. Natakiwa kurudisha alama keshokutwa, na darasa jingine linaanza siku hiyohiyo. Nimefika mahali nasoma jibu moja mara tatu na bado sijui kama ni sahihi. Jana nimempa mtu alama ya chini, leo nimeisoma tena, alistahili ya juu."

"Umeirekebisha?"

"Hiyo nimeiona. Zipo nisizoziona."

Bibi alimpa ndoo ya maji na sabuni, akamwonyesha mlango. Mjukuu na Profesa walikuwa wanaingia wakati huo, na wakaingia pamoja. Mwalimu alilala siku mbili za mwanzo. Siku iliyofuata aliketi mwisho wa meza akasahihisha taratibu, na wanafunzi wakamgeuzia mgongo bila kuambiwa, ili wasione kazi za wenzao. Alipomaliza zilikuwa zimebaki siku chache. Ndipo akageuza kiti.

"Sura ya mwisho," alisema, "sijawahi kuifundisha tangu robo zianze. Hatuifikii. Lakini maswali yake huwa yanakuja, kwa sababu mtihani unatungwa na watu wengine. Leteni daftari."

Aliifundisha pole pole. Kila mjukuu aliposema "Sijaelewa," mwalimu alisema, "Vizuri, muda upo." Mjukuu alimwambia Bibi baadaye kuwa hakuwa amewahi kumsikia mwalimu akisema maneno hayo.

Mjukuu alifaulu. Alama yake haikuwa ya kutangaza mtaani, lakini ilitosha kumbakiza chuoni. Profesa naye alifaulu lile somo lake, kisha akalikumbuka, akawa anapita nje ya darasa lile kusikiliza mzaha. Jina lake hakuna aliyelibadilisha. Wengi walifaulu robo ile, na alama za takwimu zilipanda kuliko mwaka wowote wa mihula.

Wakubwa wa chuo waliita kikao, wakasema mfumo wa robo umejithibitisha. Mwalimu wa takwimu alinyoosha mkono. Alikuwa mwoga wa vikao, lakini siku hiyo alisimama, akaeleza habari za chumba tangu mwanzo: manyunyu, ndevu za Profesa, nywele za mjukuu. Akasema alama zimepanda kwa sababu watu wanalipa kwa umri wao. Walimsikiliza mpaka mwisho. Mkuu wa taaluma aliuliza swali moja tu, kama chumba hicho kina viti vya kutosha.

Viti vililetwa Ijumaa mchana na gari la chuo. Dereva alivipanga uani, vimepigwa mhuri wa chuo migongoni, akafuta jasho.

"Wakubwa wanakushukuru sana, bibi," alisema. "Wanasema umesaidia elimu. Na niwaambie wanafunzi, kwa kuwa sasa nafasi ipo, robo ijayo masomo yanarudi kuwa matano."

"Matano ndani ya robo?"

"Ndivyo nilivyoagizwa. Mimi dereva tu, mama yangu." Alionekana kuona haya. Hakuwa ameagizwa kuviingiza ndani, lakini alibeba viwili kwa mkupuo akaviingiza, kisha viwili vingine, mpaka vikaisha.

Bibi alikuwa ameinjika chai. Akammiminia dereva, akamimina kikombe kingine na kumwita mjukuu, ambaye alikuwa ameshafika uani na vitabu. Bibi alimtazama usoni. Ngozi ya chini ya macho ilikuwa imelegea kidogo, na alisimama kama mwanamke aliyezoea kubeba.

"Hivi wewe sasa una miaka mingapi?"

"Kwa cheti au kwa chumba?"

"Kwa chumba."

Mjukuu alifikiri. "Nadhani nimempita dada."

Dada yake alikuwa amemtangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja. Bibi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho tayari kimeshanunuliwa.

"Kaa kwanza unywe chai."

"Nitakunywa nikitoka, bibi. Haitapoa."

Aliingia. Mlango ulifungwa, ukafunguliwa. Alitoka amefunga kitambaa kichwani, ufagio mkononi, akauegemeza ukutani. Chai ilikuwa bado inafuka mvuke. Aliinywa akiwa amesimama, akamshukuru Bibi, akauliza kama kuna aliyekiona kitabu cha somo la tano.