Mama Aliyekwenda Kumsemea Binti

Maneno yalitoka kwa fundi cherehani, yakamwingia mama wa binti, yakakataa kutoka. Fundi alikuwa amebana pini mdomoni, akasema bila kuinua macho, "Kumbe binti yako kaajiriwa halmashauri? Hongera. Ila pale mtoto asiye na mtu wa kumsemea hamalizi majaribio. Yule kijana wa mwaka jana na digrii yake, yuko wapi?"

Toka siku hiyo mama akifua anayasikia, akipepeta mchele anayasikia. Binti alikuwa amesota sana baada ya kuhitimu, vyeti vikakaa kabatini mpaka vikanuka dawa ya mende. Sasa kapata dawati la malalamiko, na mkuu wa idara ndiye atakayeamua kama atabaki au atarudi kukaa nyumbani. "Mtu wa kumsemea," mama alijiambia, "kwani mimi ni gogo?"

Asubuhi moja akavaa gauni lake la harusi za watu, akaenda.

Ukumbi wa malalamiko una benchi refu linalozunguka ukuta. Anayekuja hukaa mkiani, na wa mbele akihudumiwa, wote husogea. Hakuna namba, makalio ndiyo namba. Mama akapita katikati kama bibi harusi, moja kwa moja kuelekea mlango wa mkuu.

"Mama, benchi lina mkia," akasema fundi baiskeli mmoja.

"Mkia ni wa wenye shida. Mimi ni mzazi wa ofisa."

"Na sisi tumezaliwa na mawe?" akauliza bibi mwenye mkongojo, benchi zima likaangua kicheko.

Binti, aliyekuwa kwenye dawati lake mbele ya benchi, akainua uso. Mama akamwona anatupa jicho mlangoni, ambako mkuu wa idara alikuwa ametoka na kikombe cha chai, anatazama tu. Kisha binti akamgeukia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu waambie hawa."

"Mwisho wa benchi ni pale, karibu na pipa la maji."

Mama alidhani masikio yamemdanganya. Akamtazama mtoto yule yule aliyembeba mgongoni zamani, mtoto hakupepesa. Akakusanya gauni lake, akaenda mkiani. Fundi baiskeli akampisha. "Karibu, mzazi wa ofisa. Wewe sogea tu, ukaidi hausogezi benchi."

Akasogea, akasogea, gauni likapiga benchi msasa. Kufika mbele, binti akauliza, "Nikusaidie nini, mama?"

Hapo ndipo alipokwama. Alilolijia halisemeki na mkuu kaegemea pale pale.

"Mtaro," akasema. "Umeziba."

"Uko wapi?"

"Si unaujua? Ulitumbukia humo na viatu vipya vya shule."

Benchi likacheka tena. Binti naye midomo ikamcheza, lakini akajikaza. "Nielekeze kama mtu asiyepajua."

Mama akaelekeza, jasho linamtoka. Binti akaandika, akasema, "Kuna mitaro iliyotangulia. Wako utafuata zamu."

Mkuu akasogea. "Mama, mwanzoni si ulikuwa unakuja kwangu?"

"Nilikuja kumsemea mtoto." Likamtoka lenyewe.

"Yule wa mwaka jana alikuwa na wasemaji tele. Leo shangazi, kesho mjomba, na yeye anawapitisha wote mbele ya watu. Ndiyo maana nilimrudisha kwao." Akapiga funda la chai. "Huyu angekupitisha leo, jioni ningemwandikia barua."

Mama akamgeukia binti, ambaye alikwisha kumwita wa nyuma yake. Kumbe kidogo tu amsukumie mwanawe shimoni kwa mkono ule ule aliokuja kumshikia.

Usiku ule alinuna mpaka chakula kikapoa. "Umenirudisha mkiani mbele za watu."

"Kwa heshima zote, mama. Nilianza na shikamoo."

Akashindwa kujizuia, akacheka. Majaribio yalipokwisha, binti akathibitishwa kazini, na hakuna aliyemsemea.

Basi wewe mwenye mtoto katika ofisi ya umma, jiepushe na haya:

Kubeba maneno ya kwa fundi ukayafanya ushahidi.

Kwenda ofisini kwake bila shida ya kweli.

Kuruka foleni kwa jina lake.

Kuongea na mkubwa wake, hata kwa nia njema.

Kuwaahidi majirani kwamba mwanao atawapitisha.

Kununa ukiambiwa usubiri zamu yako.