Sandrine Ameshaingia

Grâce alishuka kwenye treni mjini Ghent Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa na mkoba mdogo, kadi ya kutembelea vivutio vya jiji, na hamu ya mtu aliyefungiwa maktabani wiki sita. Chuo chake cha Louisville kilikuwa kimempeleka Ubelgiji kwa muhula mmoja, na hadi siku hiyo alichokiona zaidi ni kumbi za mihadhara na mvua. Wikiendi hii, alijiapiza, atatembea mpaka viatu viombe msamaha.

Kadi iliandikwa Sandrine Bagula, kama pasipoti yake. Hilo lilikuwa jina la karatasi. Shuleni, hospitalini na kwenye kila ofisi ya Marekani alikuwa Sandrine. Nyumbani kwao mtaa wa Newburg, Louisville, tangu apate akili, mama yake Kostansia hakuwahi kumwita hivyo hata mara moja. Kwa mama alikuwa Grâce. Aliwahi kuuliza sababu, akaambiwa ni jina la ubatizo, akaridhika. Watoto wa wakimbizi wana majina mawili na tarehe ya kuzaliwa ya Januari mosi waliyokadiriwa ofisini. Nani wa kuhangaika na hayo?

Alianzia kwenye ngome ya kale iliyo katikati ya mji. Mwanamke wa getini alipitisha kadi kwenye mashine, mashine ikalia vibaya.

"Umeshaingia," akamwambia kwa Kiingereza. "Dakika kumi zilizopita."

"Mimi? Nimetoka stesheni sasa hivi!"

Mwanamke akamgeuzia kioo cha mashine aone. Sandrine Bagula, ameingia. Akainua mabega, akasema mitambo nayo huchoka kama watu, akamfungulia apite.

Grâce alicheka. Kusema kweli ningekuwa mimi ningecheka pia, maana mtu hawezi kuanza kuogopa mapema hivyo na siku yenyewe ina jua. Akapanda kuta, akapiga picha za mifereji na mapaa, akazituma nyumbani. Katika chumba cha mapanga na mikuki, mlinzi mmoja mzee alimtazama, akatabasamu.

"Ndugu yako ameshashuka," akasema. "Alikuwa anamtafuta mama yake. Mwambie avae viatu, na baridi hii."

"Ndugu yangu gani?"

"Yule binti wa umri wako, mwenye kandambili. Mnafanana sana."

Grâce akashuka ngazi upesi kuliko alivyopanda. Nje hakuona binti wala kandambili, ila watalii na njiwa.

Kwenye gati la boti za mferejini mambo yakawa yaleyale. Mwenye boti alisoma kadi, akatikisa kichwa, akaonyesha boti iliyokuwa inaondoka. Kiti cha nyuma kabisa alikaa msichana mmoja, amewapa mgongo. Nywele zake zilisukwa mistari mitatu minene kurudi kisogoni, vilevile Kostansia alivyozoea kumsuka Grâce utotoni. Grâce akaita, "Dada!" Msichana akaanza kugeuka taratibu, na boti ikaingia chini ya daraja. Ilipotokea upande wa pili, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Hapo cheko likamkauka. Saa kumi alasiri alipofika hosteli, mhudumu alimwambia Sandrine Bagula ameshachukua ufunguo. Walipopanda kuangalia, mlango ulikuwa wazi na ufunguo u juu ya mto. Shuka lilikuwa limebonyea pembeni, kama mtu alikuwa ameketi akimsubiri mwenziwe. Grâce aligusa pale palipobonyea. Palikuwa na joto.

Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na hesabu ndani yake. Kama kila mlango unasema Sandrine ameshaingia, itakuwaje Desemba kwenye uwanja wa ndege? Ndege ya kumrudisha kwa mama ilikuwa na kiti kimoja chenye jina hilo. Pasipoti ni moja. Yule aliyemtangulia ngomeni alikuwa anamtafuta mama yake, na mpaka sasa alikuwa anatangulia kila mahali.

Jumapili saa saba mchana alikuwa amesimama chini ya mnara wa kengele, hathubutu kuitoa kadi. Saa hiyo Marekani ni saa moja asubuhi, na ndiyo saa ya sala ya ukoo kwa simu: Kostansia akiwa Louisville, mama mdogo Esperance akiwa Columbus kwenye nyumba yake ya kupanga kule Linden, na mjomba Bisimwa akiwa Buffalo, ametoka zamu ya kiwanda cha Tonawanda na sare yake mwilini. Waliimba ubeti mmoja. Mjomba alipouliza nani ana neno la kuombewa, Grâce akaeleza yote, tangu mlinzi wa ngome mpaka joto la shuka.

Badala ya amina, mama mdogo alimwita dada yake mkubwa.

"Yaya Kostansia," akasema Esperance polepole, "umwambie mwana. Sasa umwambie."

"Mama, please. Kuna nini?"

Kostansia alivuta pumzi. Ni mwanamke anayelisha na kuogesha wazee wa watu mchana kutwa, mwenye sauti isiyotetereka, lakini siku hiyo ilitetereka.

"Grâce, Sandrine alikuwa mwana wangu wa tumbo. Wewe uko mwana wa mudogo wangu, ule alikufia mu njia wakati tulikimbia. Mulikuwa wawili mu hema ya kambi, kipimo kimoja kama mapacha. Malaria ikamukamata Sandrine siku tisa mbele ya entretien, ile mahojiano ya kuja Amerika. Dosie yangu, ile faili ya safari, ilikuwa na mama na binti mumoja wa miaka ine, jina Sandrine. Kama ningesema amekufa, dosie ingerudi nyuma, na wewe haukukuwa ku dosie ya mutu yeyote. Ningekuacha na nani?"

"Donc ukafanya nini, mama?"

"Nikaambia majirani ni Grâce ndiye amekufa. Wakakuja, tukakaa ku kilio siku tatu. Nililia, mwana wangu, nililia sana. Lakini nililia jina yako. Ya kwake sikuitaja hata mara moja. Na ku nyumba sikuweza kukuita nayo."

Grâce alijiegemeza ukutani. Aliona uchungu, aliona huruma, na chini ya vyote aliona kitu kilichomwaibisha: hofu kwamba mama sasa, akipewa nafasi ya kuchagua, atamchagua wa tumbo.

"Kwetu mufu anatangazwa kwa jina yake," akasema mjomba Bisimwa. "Ule mutoto hatukumutangaza. Hakuna mutu alimwambia kama amekufa. Jina ilienda Amerika, ikaenda shule, sasa iko Ulaya, na yeye anaifuata tu, anakomaa nayo. Ni kosa yetu, siyo yake."

"Iko hapo?" akauliza Kostansia. "Grâce, unamuona?"

Mlango wa ngazi za mnara ulikuwa wazi, giza ndani. Grâce hakuona mtu. Lakini kwenye ngazi ya kwanza kulikuwa na alama ya maji ya nyayo mbili, zimeelekea nje, zimesimama.

"Nafikiri yuko, mama."

"Muwekee simu."

Akafungua spika, akaunyoosha mkono mlangoni.

"Sandrine," akasema Kostansia, na Grâce hakuwahi kuisikia sauti hiyo ikilitamka jina hilo. "Sandrine, mwana wangu. Ulikufa. Ulikufa asubuhi mu mikono yangu, nikakuficha. Unisamehe. Huyu ni mudogo wako, nilimupa nafasi yako juu asikufe na yeye. Umuachie njia. Usitembee tena, mama. Upumuzike."

Kisha mjomba Bisimwa akatangaza, kwa sauti ya mkubwa wa ukoo, kwamba Sandrine, binti wa Bagula na Kostansia, amefariki. Na nyumba tatu katika miji mitatu zikaangua kilio kwa pamoja, kilio chenyewe cha nyumbani, cha kuita na kujibizana. Watalii wakageuka kutazama. Nyayo za maji zilikauka mbele ya macho ya Grâce, moja, kisha nyingine.

Akaitoa kadi. Mashine ikawaka kijani.

"Karibu, Sandrine," akasema mtu wa getini. "Hujawahi kupanda huku, sivyo?"

Grâce akatikisa kichwa. Kwa siku mbili alikuwa ameomba asimkute mtu mbele yake, na sasa ngazi zilikuwa tupu, na utupu ule ulimuuma kuliko hofu yote ya jana. Akaketi palepale ngazini, simu kifuani, akaanza kumlilia dada yake kwa lile jina la pasipoti, na kutoka Louisville, Columbus na Buffalo wakamsikia, wakaitikia.