Simba Asiye na Ndevu

Simba alishushwa kwenye lori asubuhi, akasimamishwa juu ya bamba la chuma mbele ya makumbusho, na Mkurugenzi hata salamu hakutoa. Alimzunguka simba akitafuta kitu.

"Fundi, ndevu ziko wapi?"

Mama Cheche, aliyemuunda simba huyo kwa minyororo ya pikipiki na springi chakavu, alidhani ni utani. "Ndevu za nani?"

"Za simba! Kesho wageni wanakuja kumzindua. Hivi alivyo, watasema tumeweka mbwa."

"Mbwa wa ukubwa huu nani anamfuga? Uliniambia simba, nikakuundia simba. Huyu ni jike."

"Niliposema simba, si ulielewa?"

"Nilielewa simba."

Hapo mambo yakakwama. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, ila akishasema kashasema. Alitaka simba apachikwe manyoya ya shingoni kabla ya jua kuzama, la sivyo arudishwe kwenye lori. Kisha akaondoka kwenda kupokea simu.

Shemeji, mdogo wa mume wake Mama Cheche, aliyekuja kusaidia kushusha, alimvuta pembeni. "Shemeji, usitie ngumu. Chuma kipo. Katakata vipande, mbandike, twende zetu nyumbani."

"Simbandiki."

"Kwani ndevu zinakuuma nini?"

Zilimuuma, tena sana. Wateja waliingia karakana yake, wakamkuta na mashine ya kuchomelea mkononi, cheche zinamrukia magotini, halafu wakamuuliza yeye mwenyewe, "Samahani dada, fundi yupo?" Siku za mwanzo alicheka. Baadaye alizoea kujibu, "Ametoka," na kuendelea na kazi, maana maneno hayachomelei geti. Lakini mabega ya simba huyu aliyakunja kwa nyundo mpaka viganja vikavimba, na tumbo akalibonyeza ndani, tumbo la mnyama anayewinda huku wenzake wamelala. Akimvisha ndevu leo, atakuwa ameiambia dunia nzima kwamba simba naye ametoka.

"Niwashie mashine," alimwambia shemeji.

"Afadhali! Akili imekurudia."

Mkurugenzi alipoona cheche kwa mbali alitulia, akaenda kunywa chai. Alirudi akitabasamu. Shingo ya simba ilikuwa vile vile. Nyayo zote nne zilikuwa zimechomelewa kwenye bamba, na bamba lenyewe lilikuwa limeshikwa na zege tangu juzi. Shemeji alikuwa amejificha nyuma ya lori.

"Fundi, umefanya nini?"

"Nimemfunga asitoroke." Alizima mashine. "Mkitaka kumtoa, mkateni miguu. Mkitaka ndevu, tafuteni mwingine wa kumbandika. Mkono wangu hauzigusi."

Mkurugenzi alisukuma bega la simba. Halikutikisika. Alisukuma tena kwa mikono miwili, tai ikaenda upande, akahema, na mwishowe kicheko kikamtoka bila kupenda.

"Umeniweza. Basi, abaki." Akachomoa kalamu mfukoni. "Ila kwenye kibao lazima tuwasaidie watu. Tutaandika 'Simba Jike'."

"Hapana," alisema Mama Cheche, akikunja nyaya za mashine yake. "Andika 'Simba'."