Kidole Kizito

Fundi wa programu alikuwa na maringo ya kazi yake. Kwenye kompyuta ya mlinzi pale mapokezi alichora lifti ikipanda na kushuka laini kama maji, picha ikijichora upya mara sitini kwa sekunde. Mlinzi, mzee waliyemwita Zamu, alipolalamika kwamba kitufe cha kufungulia mlango wa lifti kwenye kompyuta hiyo kinachelewa kuitika, fundi alimjibu mbele za watu kuwa kompyuta si nzito, kizito ni kidole chake. Jioni hiyo alimsimulia mama yake, wakacheka.

Leo alimleta mama kuona ofisi. Wakati wa kushuka, lifti ilifika chini, ikatulia, na mlango ukagoma. Mama ana pumu, na mkoba wenye dawa yake ya kuvuta aliuacha mezani kwa Zamu, hatua kumi tu kutoka pale.

Fundi akaomba kwenye kipaza sauti cha lifti, kinachosikika mapokezi, wafunguliwe. Zamu akasema amebonyeza. Mlango haukusogea. Akasema amebonyeza tena, na tena. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, ukajifunga. Ukafunguka, ukajifunga. Hapo fundi akaelewa. Kitufe kilikuwa kimoja, ukibonyeza kinafungua, ukirudia kinafunga. Kompyuta ilizama kwenye kuchora, amri za Zamu zikapanga foleni, na sasa zilikuwa zinatekelezwa moja moja. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Mama aliketi sakafuni, kifua kikipiga mluzi. Fundi hakuwahi kuogopa vile.

"Mzee, toa mkono. Umebonyeza mara ngapi?"

"Nani anahesabu? Mama anaumwa humo."

"Funga ile picha ya lifti. Mlango ukitulia bado umefungwa, bonyeza mara moja, basi."

"Picha yako nzuri hivi?"

"Ifunge, mzee wangu. Kidole chako hakina kosa. Kosa ni langu."

Mlango ukahangaika mara mbili, ukatulia umefungwa. Fundi akasikia kitufe kikigonga mara moja, na papo hapo ukafunguka wote.

Zamu alikuja mbio na mkoba. Mama akavuta dawa, akangoja, akavuta tena. Pumzi ilipomrudia, alikishika kidole cha mzee yule, akamgeukia mwanawe.

"Ndicho hiki kidole kizito?"